Swali la Bombay: Askari, Lugha Zake na Mkewe wa Kwihara

Tarehe 20 Septemba 1871 msafara ulikuwa umejipanga mbele ya tembe moja huko Kwihara, mwendo mfupi kutoka Tabora. Mizigo ilikuwa imekwisha kugawanywa, wapagazi walikuwa tayari, na Waarabu wa jirani walikuwa wamekusanyika kuwatazama wasafiri wakiondoka. Mtu mmoja tu alikuwa haonekani, naye ndiye mkuu wa askari. Henry Morton Stanley, mwenye msafara, alituma watu wamtafute. Walimkuta mikononi mwa mwanamke, akilia.

Aliporudishwa na kuulizwa kwa nini alitaka kutoroka, askari yule alijibu kwamba alikuwa akimuaga mkewe. Kisha akamgeuzia bwana wake swali: je, yeye anapoondoka kwake hafanyi vivyo hivyo? Stanley alimwamuru anyamaze. Alipoona askari bado ana kinyongo, alimchapa mbele ya watu, na msafara ukaondoka.

Habari hii tunayo kwa kuwa Stanley mwenyewe aliiandika katika kitabu chake cha safari kilichotoka mwaka 1872. Aliiandika ili kuwachekesha wasomaji wa Uingereza na Marekani. Maneno ya askari aliyaweka katika Kiingereza kilichovunjika, kile wanachopewa watumishi katika michezo ya kuigiza, na mwanamke akambandika jina la Delila, yule wa Biblia aliyemponza Samsoni. Jina lake hasa hakuliandika.

Nimesomesha Kiswahili na Historia kwa miaka mingi, na kila mara nilipofika kwenye somo la wapelelezi wa Kizungu nililitaja jina la askari huyu kwa haraka na kupita: Sidi Mubarak Bombay, kiongozi wa misafara. Sasa nimestaafu na nina wasaa wa kurudi nyuma. Ninachotaka kukisema mbele ya washairi na wapenzi wa lugha ni hiki: mtu huyu alikuwa mkalimani ambaye bila ulimi wake wapelelezi wale wangepita katika nchi yetu kama mabubu. Lakini vitabuni amebaki kama mtu asiyejua kusema. Ni haki tumrudishie lugha yake, na pamoja nayo swali lake, ambalo halijajibiwa hadi leo.

Majina aliyopewa

Bombay alizaliwa karibu mwaka 1820 katika nchi ya Wayao, kati ya Ziwa Nyasa na pwani. Utoto wake alimsimulia John Hanning Speke, na Speke akauandika. Mama yake alifariki mtoto akiwa mdogo mno hata asiweze kumkumbuka vizuri. Alipofikia umri wa miaka kama 12, wafanyabiashara wa Kiswahili wenye panga na bunduki walikizingira kijiji chao, wakadai walipwe papo hapo madeni ya nguo na shanga walizowakopesha wanakijiji wakati wa dhiki. Hapakuwa na cha kulipa. Mtoto akatekwa, akapelekwa Kilwa, akabadilishwa kwa nguo, akavushwa hadi soko la Unguja, na huko akanunuliwa na Mhindi aliyemchukua mpaka India.

Tuyatazame majina yake, maana jina ni shairi fupi kuliko yote. Sidi ndilo neno walilotumia watu wa magharibi ya India kuwaita Waafrika waliofikishwa kwao. Mubarak ni neno la Kiarabu lenye maana ya aliyebarikiwa. Bombay ni mji wa India. Kwa hiyo jina la kwanza linasema yeye ni wa kabila gani machoni pa wageni, la pili linamtakia heri aliyenyang'anywa heri yake, na la tatu linataja mahali asikozaliwa. Jina aliloitwa na baba yake huko Uyaoni halimo katika vitabu vya waajiri wake.

Anayesoma habari za misafara ya karne ya 19 atakutana tena na tena na majina ya namna hii. Katika safari zake Bombay alikuwa na mwenziwe aliyemwita ndugu, Mabruki, na mshindani wake, Baraka. Mubarak, Mabruki, Baraka: watu watatu walioitwa kwa mzizi mmoja wa Kiarabu, mzizi wa baraka. Mabwana walipenda kuwapa watumwa majina mazuri. Kuna Farahani, kuna Feruzi, kuna hata Baruti. Mwanaisimu anaweza kuyapanga katika makundi. Mshairi hana budi kujiuliza ni majina gani yaliyozikwa chini yake.

Askari wa ngome ndogo

Bwana wake wa India alipofariki, Bombay alipata uhuru, akarudi Unguja na kuingia katika jeshi la Sultani. Hakupelekwa kwenye vita vyenye sifa. Aliwekwa Chokwe, ngome ndogo iliyokuwa juu kidogo ya mji wa Pangani, ambako askari wa Kibaluchi waliilinda bendera ya Sultani. Maisha ya askari wa ngome kama ile yalikuwa ya zamu, ya mshahara mdogo na ya madeni kwa wenye maduka. Laiti Richard Burton na John Speke wasingepita hapo mapema mwaka 1857 wakielekea Usambara, pengine Bombay angezeeka akiwa mlinzi wa lango la Chokwe, wala sisi tusingelisikia jina lake.

Wazungu wale walimchukua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni bidii yake. Burton, mtu asiye mwepesi wa kusifu, alimhesabu kuwa kito cha msafara wao. Lakini pia ameandika kwamba Bombay alikiri waziwazi kuwa kinachomfanya afanye kazi ni tumbo lake, si mapenzi yake kwao. Mimi naipenda kauli hiyo. Watu wengi wamemwita Bombay mtumishi mwaminifu, kana kwamba uaminifu wake ulikuwa wa mbwa kwa bwana. Yeye mwenyewe alisema mapema kabisa kwamba huo ulikuwa uaminifu wa mtu kwa kazi yake.

Sababu ya pili ni lugha. Burton na Speke wote walikuwa maofisa katika jeshi la Kampuni ya Uhindi Mashariki, na wote walisema Kihindustani. Speke hakujua Kiswahili wala Kiarabu. Bombay alikijua Kihindustani kutokana na miaka yake ya utumwa. Basi ile lugha aliyoipata kwa kuuzwa ndiyo iliyomfungulia njia ya kwenda bara. Tangu siku hiyo, kila Speke alipotaka kuuliza jina la mto, bei ya mbuzi au habari za mtemi fulani, swali lilipitia kinywani mwa Bombay, na jibu lilirudi kwa mlango huo huo.

Njia ya nguo

Burton na Speke waliondoka pwani ya Kaole mwishoni mwa Juni 1857 na kufika Kaze, mtaa wa Waarabu katika Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Burton alihesabu siku 134. Leo anayepanda treni Dar es Salaam hufika Tabora kwa muda usiozidi siku moja na ushei. Wakati ule watu walipanda milima ya Usagara, wakapita Mpwapwa, wakaivuka nchi kame ya Ugogo, ndipo wakaingia Unyamwezi na kukutana na tembe, nyumba zile ndefu zenye paa la bapa.

Njia hiyo imetuachia maneno mengi, na baadhi yake yamebadilika maana njiani kama wasafiri wenyewe. Hongo leo ni rushwa, jambo la aibu. Wakati ule ilikuwa ushuru wa kupita, haki ya mtemi kwa kila msafara uliokanyaga nchi yake, ingawa kiasi chake kiligombewa kutwa kucha. Posho leo watu huidai mkutanoni. Wakati ule ilikuwa chakula cha siku, au kipande cha nguo cha kununulia chakula hicho. Pagazi alikuwa mtu wa heshima Unyamwezini, na kijana ambaye hajabeba mzigo hadi pwani alionekana hajawa mwanamume kamili. Kirangozi alitangulia mbele na bendera. Askari alitembea pembeni na nyuma na bunduki yake, akizuia wezi wasiingie na wapagazi wasitoroke.

Fedha ya njia hiyo ilikuwa nguo. Merikani, kitambaa kigumu cha pamba kisichopaushwa, kiliitwa hivyo kwa kuwa kililetwa na merikebu za Marekani. Kaniki kilikuwa kitambaa cheusi chenye rangi ya nili. Shuka moja ilikuwa mikono minne, na doti ilikuwa shuka mbili. Kwa doti ulilipa hongo, ulinunua mtama, ulimlipa mpagazi, ulimtuliza mtemi.

Hapa ndipo moyo wangu husimama kila ninapoisoma habari ya Bombay. Mtoto aliyetekwa kwa ajili ya deni la nguo, akabadilishwa kwa nguo, ndiye aliyekuja kuwa mlinzi wa marobota ya nguo katika njia ile ile iliyosafirisha watu kama yeye. Misafara ya pembe na watumwa ilipishana nao njiani. Wapelelezi wameandika kuhusu minyororo waliyoiona. Bombay naye aliiona, na hakuhitaji mtu wa kumtafsiria.

Mnyororo wa lugha

Mwaka 1858, Burton akiwa mgonjwa Kaze, Speke alikwenda kaskazini pamoja na Bombay, na tarehe 3 Agosti aliliona ziwa kubwa karibu na Mwanza ya leo. Aliuliza habari zake na akarudi akisema kwamba amepata chanzo cha Mto Nile. Burton alikataa. Miongoni mwa hoja zake ilikuwamo hoja ya lugha, nayo aliieleza kwa dhihaka kali: Speke amesema Kihindustani kibovu, Bombay hakuelewa vizuri, kisha akayatia katika Kiswahili akimwambia Mwafrika mwingine aliyewahi kusafiri, na huyo naye akayatia katika lugha ya wenyeji, na jibu likarudi kwa mnyororo huo huo likizidi kupotoka.

Mwalimu yeyote wa tafsiri atakubali kwamba mnyororo wa namna hiyo ni hatari. Maana huchujwa kila inapohama. Hata hivyo tujiulize matokeo yalikuwa nini. Tarehe 28 Julai 1862 Speke alisimama mahali ambapo Nile hutoka ziwani, huko Jinja. Mwaka 1875 Stanley alilizunguka ziwa zima kwa mashua na kuthibitisha kwamba ni ziwa moja kubwa. Ukweli wa msingi ulikuwa umefika salama, umebebwa na wavuvi na wafanyabiashara wa Usukuma, ukapita katika Kiswahili cha Myao aliyeuzwa, ukaingia katika Kihindustani na kuishia katika Kiingereza. Burton, bingwa wa lugha nyingi, alikosea. Mnyororo aliouchekea ulikuwa umekaza.

Speke hakuwa na uungwana wa kudumu kwa mkalimani wake. Katika safari ya pili, wakiwa Buganda, walikorofishana juu ya kung'oa hema, na Speke akampiga Bombay ngumi za uso. Stanley, alipokutana na Bombay miaka kadhaa baadaye, aliliona pengo katika meno ya juu na akaeleza kwamba ni alama ya ngumi ile. Kinywa kilichobeba maswali ya Nile ndicho kilichovunjwa meno.

Lakini kuna mazungumzo mengine ya safari hiyo ambayo Speke ametuhifadhia, na hapa hakuyavunja maneno. Walipofika kwenye maporomoko yale ya Jinja, Speke, akiwa na furaha kubwa, aliwaambia watu wake kwamba inafaa wanyoe nywele na kuoga katika maji hayo matakatifu, mto wa Musa. Bombay alimjibu kwamba wao hawayatazami mambo kwa namna hiyo ya njozi. Wao huridhika na mambo ya kawaida ya maisha, na yakienda vizuri ni mapenzi ya Mungu, na yasipokwenda vizuri ni mapenzi yake pia. Nisomapo maneno hayo nasikia Kiswahili chini yake: ridhaa, kudura, majaliwa. Ni falsafa ya mtu aliyekwisha kupita Kilwa.

Shamba na mahari

Mwisho wa safari hiyo, mwaka 1863, wale wachache waliobaki hadi mwisho walifika Kairo pamoja na Speke na Grant. Wakapigwa picha. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimtunukia Bombay nishani ya fedha. Speke naye aliagiza walipwe mshahara wa miaka mitatu, wanunuliwe shamba la watu huru Unguja, na kila mmoja apewe riale 10 za mahari mara apatapo mke.

Zawadi hii inatufunulia jambo ambalo nishani hailisemi. Hata mwajiri aliyevunja meno ya watu alielewa walichokitaka watu wale baada ya miaka mitatu ya kutembea: kipande cha ardhi na mke. Kwa mtumwa aliyekombolewa, ndoa ilikuwa zaidi ya mapenzi. Ilikuwa kuanza ukoo upya. Aliyeondolewa kwa baba na mama hana shangazi, hana mjomba, hana wa kumposea. Akioa, anakuwa mzizi badala ya kuwa jani lililopeperushwa.

Tunakosea pia tukidhani kwamba msafara ulikuwa wa wanaume watupu. Wanyamwezi wengi walisafiri na wake zao, nao walibeba vyungu, vyakula na watoto, wakapika kila kambi. Wengine walikuwa na nyumba huku na nyumba kule, pwani na bara. Tabora yenyewe ilikua kwa ndoa. Muhammad bin Juma, baba wa Tippu Tip, aliishi huko na kumwoa Karunde, binti wa ukoo wa watemi wa Unyanyembe. Ndoa ya tajiri imeandikwa kwa jina la mke. Ya askari imeandikwa kwa kejeli.

Vita vya Mirambo

Stanley alipokuja Unguja mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, alimkuta Bombay akiishi Pemba, mtu wa miaka kama 50, kichwa kikianza mvi. Alimwajiri awe mkuu wa askari kwa riale 80 kwa mwaka, wakati askari wa kawaida walipewa 36. Wakaondoka Bagamoyo na kufika Unyanyembe katikati ya mwaka huo.

Wakakuta njia ya Ujiji imefungwa. Mirambo, mtemi wa Urambo, alikuwa na ugomvi na Waarabu wa Tabora, na hakuna msafara uliopita. Waarabu waliamua kumpiga, na Stanley akaingia vitani pamoja nao akidhani itakuwa kazi ya siku chache. Mwanzoni mwa Agosti waliteka vijiji vya Mirambo, lakini kikosi chao kimoja, kikirudi na nyara kutoka Wilyankuru, kilivamiwa njiani. Waarabu waliokuwamo waliuawa. Waliuawa pia askari wa Stanley, na miongoni mwao walikuwamo waliotembea na Bombay tangu siku za Speke. Waliobaki walikimbia. Tarehe 22 Agosti Mirambo aliingia Tabora yenyewe, akachoma sehemu ya mji, na Khamis bin Abdallah, mmoja wa Waarabu wakubwa, akauawa.

Sasa turudi kwenye tembe ya Kwihara. Kutoka siku Tabora ilipoungua hadi siku ile ya kuaga ni siku 29. Moshi ulikuwa umekwisha lakini hofu ilikuwapo. Mirambo alikuwa bado ana nguvu. Stanley aliamua kuzunguka upande wa kusini kupitia Ugunda ili kumkwepa, yaani kuongoza watu wachache katika nchi wasiyoijua, huku nyuma mji ukiachwa bila ulinzi wa kutosha. Askari mwenye akili, aliyekwisha kuzika wenzake mwezi uliopita, anamwacha mwanamke wake katika mji ambao unaweza kuchomwa tena wiki ijayo. Je, alipaswa kuondoka kwa haraka kiasi gani?

Stanley aliona uvivu na mahaba. Mimi naona mtu aliyechukuliwa utotoni bila kupewa nafasi ya kuaga. Kijiji chake kilizingirwa ghafula. Hakuna aliyempa muda wa kumshika baba yake mkono. Nadhani mtu kama huyo huijua thamani ya kuaga kuliko wengi wetu, na nadhani ndiyo maana, kati ya mambo yote aliyovumilia katika misafara minne, hili la kunyimwa kuaga ndilo lililomfanya amuulize bwana wake swali la mtu kwa mtu.

Baada ya hapo

Walifika Ujiji Novemba mwaka huo na kumkuta Livingstone. Wakarudi naye Kwihara mwezi Februari 1872. Mwaka uliofuata Bombay alipita tena njia hiyo, safari hii pamoja na Verney Lovett Cameron. Walikuwa wangali Kwihara, Oktoba 1873, Chuma alipowasili na barua yenye habari kwamba Livingstone amefariki na kwamba wenzake wanauleta mwili wake. Kutoka hapo Cameron na Bombay waliendelea magharibi, wakavuka bara lote, na Novemba 1875 wakafika Bahari ya Atlantiki karibu na Benguela. Mtoto wa Uyao akawa miongoni mwa watu wachache wa zama zake waliotembea kutoka bahari moja hadi nyingine.

Chama cha Jiografia kilimpa pensheni ya pauni 15 kwa mwaka. Alifariki mwaka 1885, mwaka ule ule ambao mkutano wa Berlin ulimalizika na Wajerumani wakapewa hati ya kuitawala nchi aliyoikanyaga mara nyingi kuliko mzungu yeyote. Ramani walizozitumia zilikuwa na majina aliyoyatamka yeye kwanza.

Wenzake wa njia hiyo hiyo walipata bahati ya kusema wenyewe. Tippu Tip alieleza maisha yake kwa Kiswahili, na Heinrich Brode akayachapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Selemani bin Mwenye Chande aliisimulia safari yake ya bara kwa Kiswahili, nayo ikatoka mwaka 1901 katika mkusanyo wa Carl Velten. Tunaposoma maandishi hayo tunasikia watu wazima wakizungumza, wenye busara, hila, mzaha na majuto. Hakuna hata mmoja anayesikika kama mtoto. Bombay angeandikwa katika lugha yake angesikika vivyo hivyo. Hata kama siku ile alimjibu Stanley kwa Kiingereza cha kuokota njiani, huo ulikuwa ulimi wake dhaifu kuliko zote, na ndio pekee uliochaguliwa kumwakilisha.

Zoezi

Tembe ya Kwihara ingalipo, imejengwa upya na kuwa makumbusho ya Livingstone. Kwihara ni moja ya vituo sita, pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Ujiji, ambavyo Tanzania ilivipendekeza mwaka 2006 viingie katika urithi wa dunia kama njia ya kati ya watumwa na pembe. Niliwahi kuwapeleka wanafunzi wangu huko. Tulitazama milango ya nakshi na barua ukutani, na mlezi wa makumbusho akatueleza habari za Livingstone kwa ufasaha. Tuliporudi niliwapa zoezi: liandikeni jibu la Bombay kwa Kiswahili, kama alivyoweza kulisema mtu wa miaka 50, mkuu wa askari, mbele ya Waarabu wanaomjua.

Walileta majibu ya kila namna. Wengine walimpa maneno makubwa mno, kama mgombea jukwaani. Jibu nililolipenda lilikuwa jepesi: "Nilikuwa namuaga mama watoto, bwana. Kwani wewe ukitoka kwako huagi?" Mwandishi wake alieleza kwamba neno gumu kuliko yote lilikuwa kwani, maana ndilo linalomgeuza mtumishi kuwa mtu sawa na bwana wake bila kumvunjia adabu. Nilimpa alama zote. Kisha msichana mmoja aliyekaa nyuma akauliza kwa nini zoezi langu lilikuwa na sauti moja tu. Waliokuwa wakiagana walikuwa wawili.

Sikuwa na jibu zuri, na tangu siku hiyo nimeona kwamba zoezi langu lilikuwa nusu. Naliacha hapa likiwa kamili, kwa yeyote kati yenu anayetunga: beti chache, kwa bahari yoyote mtakayo, za mwanamke aliyebaki kwenye mlango wa tembe siku ile ya Septemba. Mpeni jina, maana Delila halikuwa lake. Na msimfanye alie tu. Alikuwa amekwisha kuuona mji ukiungua, na alijua njia ya Ujiji ilivyo.